Gunzi Lililompiga Mshenga

Leo nimejimaliza mwenyewe. Kwa mikono yangu hii, kwa chupa moja na gunzi la muhindi.

Nyie wa bweni letu, shule ikifunguliwa nitawasomea haya kwa sauti ndogo, na atakayecheka kabla sijafika mwisho hapati korosho hata moja. (Za kukaanga ninazo. Fikirini vizuri.)

Mnanijua. Mwalimu akiniita jina tu darasani, naangusha kalamu. Huku nyumbani Ziwani ni hivyo hivyo. Wageni wakipiga hodi mbele, mimi natokea nyuma, nakwenda kukaa na kuku. Kwa hiyo Mama aliponiambia kwamba kuna watu wanatoka Chuno kuja kumposa Dada Zuhura, na kwamba kinywaji nitawapelekea mimi, niliutazama mlango wa nyuma.

"Mama, siwezi. Nitamwaga."

"Utamwaga nini, na wewe uko kidato cha pili!"

(Kana kwamba kidato cha pili tunafundishwa kubeba sinia.)

Basi nikafanya maarifa. Sharubati iwe imeshatengenezwa, imo chupani. Siku ya wageni niingie, niweke, nitoke. Juzi nikaenda kuokota mabibo. Msimu unakwisha, mazuri yamebaki machache, mengine yameoza chini ya mikorosho na nyuki wameyajaa. Nikayakamua, nikachuja, nikachemsha na sukari kama anavyofanya Mama. Maana maji mabichi ya mabibo yakilala tu, yanachacha, na yakichacha si sharubati tena. Ni uraka, na uraka unalewesha. Kila mtoto wa huku analijua hilo. Hata mimi nalijua. Kumbukeni nimesema nalijua.

Lakini chungu kilifurika. Sharubati ikauzima moto, na iliyosalia haikufika hata shingoni mwa chupa. Chupa pungufu mbele ya wakwe! Niliona haya. (Haya ndiyo inayoniponza siku zote.) Pale kwenye bakuli palikuwa na maji mabichi kidogo yaliyobaki. Nikajazia. Nikaziba kwa gunzi, nikaligongea kwa mchi likazama vizuri, nikaificha chupa karibu na mafiga. Kwenye joto!

Leo mchana wageni wakafika. Mmoja mshenga, Mzee Selemani, kanzu nyeupe pee, kofia ya viua, anatembea kama aliyebeba mayai. Mwingine ni shangazi wa bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe hakuja, ndivyo desturi, yuko kazini bandarini. Mjomba wetu alikuwa ameshatoa neno lake, likabaki la Baba. Dada Zuhura alifichwa chumbani. Mimi nilijificha mwenyewe, nyuma ya pazia.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeanza.

"Mume wangu wa bandarini hajambo? Mbona hakuja, ananiogopa?"

"Anakuogopa, Bibi. Kasema kwanza unywe uji upate nguvu," akajibu Shangazi. Wakacheka.

Mzee Selemani hakucheka. Akakohoa kidogo.

"Sisi tumeuliza habari za nyumba hii. Tumeambiwa ni nyumba ya watu safi. Msimu wote wa mabibo, harufu ya uraka haisikiki hapa."

Baba akajinyoosha kitini. Lazima mumjue Baba. Msimu huu nusu ya majirani wanazunguka ndoo za uraka, lakini wakisikia kengele ya baiskeli yake tu, wanazifunika kwa majani na kujifanya wanapalilia. Akasema:

"Bwana mshenga, mlango huu uraka haujaupita. Siku utakapoupita, mimi nitatokea dirishani."

Mungu anisamehe, nilisikia fahari.

Hapo hapo tone likapiga kuti. La pili. La tatu. Mama akasahau posa, akapiga ukelele:

"Korosho!"

Zilikuwa zimeanikwa uani, mkeka baada ya mkeka. (Bibi amekuwa akisema mvua inakuja tangu mwezi uliopita, tukawa hatumsikilizi tena.) Ikawa mbio. Baba mbio, Mama mbio, Shangazi kajifunga khanga kiunoni, mbio! Mzee Selemani akapandisha kanzu magotini, akashika ncha moja ya mkeka, Baba ncha nyingine. Nikashtukia Dada Zuhura naye katoka chumbani, ambako hakutakiwa kutoka, ana ungo kichwani. Akagongana na Shangazi uso kwa uso.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Shika huku, zinalowa!"

Zikaokoka. Watu wakarudi ndani wanahema, maji yanawachuruzika, Dada akarudi nyuma ya pazia. Mvua ikashuka yote, ile ya kwanza yenye harufu ya udongo. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau zamu yangu.

"Somoe! Sharubati!"

Nikakimbilia jiko la uani. Nikaichukua chupa, nikaitia kwapani, khanga kichwani, mbio tena katika tope. Nikateleza mara moja. Nikateleza tena. Chupa ikawa inarushwarushwa kama mtoto mgongoni kwenye ngoma. Penye gunzi niliona povu. (Nikadhani ni mvua.)

Nikaingia. Nikapiga magoti mbele ya mshenga, macho chini, nikasema "Karibuni." Sauti haikutoka. Nikashika gunzi, nikazungusha. Halitoki. Nikazungusha kwa nguvu zote. Chupa ilikuwa inanong'ona, wallahi.

"Lete nikusaidie, mwanangu," akasema Mzee Selemani, akainama.

PAA!

Gunzi likampiga kofia. Kofia ikaruka, ikatua mapajani pa Bibi. Povu likamwagika kifuani pa kanzu, likapanda mpaka kwenye masharubu, na harufu ikajaa nyumba nzima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni harufu ya nini.

Mvua ikazidi kupiga makuti.

Nyuma ya pazia Dada akasema kwa sauti ya kukata roho, "Somoe, umeniua."

Baba alikuwa ameganda, mdomo wazi. Bibi akaipangusa kofia taratibu, akamgeukia.

"Haya, mwanangu. Dirisha lile pale."

Hakuna aliyecheka. Nililitazama lile dirisha, nikapima kama mabega yangu yatapita. Dada yangu kakosa mume, Baba kakosa heshima, na yote kwa kujazia chupa!

Mzee Selemani akapitisha ulimi kwenye masharubu. Nadhani hata hakujua anafanya nini. Akafikiri.

"Bado changa hii," akasema. "Ingelala siku moja zaidi, ndiyo ingekuwa yenyewe."

Shangazi akamgeukia polepole.

"Mzee Selemani. Umejuaje?"

"Mimi? Nasikia tu... watu husema."

"Watu gani?"

"Watu wa zamani."

Bibi ndiye aliyeanza, cheko la kukosa meno. Akafuata Mama. Kisha Baba, ambaye hata sikukuu hutabasamu kwa kipimo, akacheka mpaka akashika ukuta. Mshenga mwenyewe akaifuta kanzu, akazidi kulisambaza doa, naye akashindwa kujizuia.

Shangazi alipopata pumzi akasema, "Mimi neno langu fupi. Binti aliyetoka mafichoni kuokoa korosho za baba yake, huyo ndiye ninayemtaka. Mengine ni mvua."

Baba akasema amekubali. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka, nadhani ni Dada.

Mama akaleta sabuni, Bibi akamkataza. "Doa la bibo halisikii sabuni. Linatoka lenyewe, msimu wa mabibo ukiisha."

Mzee Selemani akachungulia nje, maji yanapita uani yakizoa mabibo ya mwisho. "Basi," akasema, "naona umekwisha leo."

Sasa ni jioni, mvua imekatika, kumbikumbi wametoka na Bibi anawakinga kwa beseni la maji. Jirani mmoja, wa wale wa ndoo, kapita njiani, kanusa hewa, kamwita Baba: "Mzee, na sisi tukaribie?" Baba kalifunga dirisha.

Harusi ni baada ya mavuno. Mama ameshagawa kazi: huyu pilau, yule mikeka, yule maji. Mimi nimepewa chai. Chai tu. Na nimekatazwa kuifunika.