Milango Sita ya Bustani

Domo Asali alikuwa amejilaza kwenye benchi la bustani ya mji, akiwaza wiki hii amlize nani, alipomwona Mwenyekiti wa bustani, mtu mzima na tai yake, akitoka kichakani huku anafunga mkanda. Riziki imejileta yenyewe.

Mwenyekiti nisimseme sana. Bustani nzima ilikuwa na choo kimoja chakavu, nyuma ya stoo, na ufunguo aliuvaa shingoni Mama Fagio, mfagiaji.

Domo Asali akajitambulisha: mtaalamu wa vyoo vya gharama nafuu. Vyake havihitaji bomba, shimo wala mfagiaji. Mwenyekiti aliposikia kitakachobaki watagawana, hakuwa na swali la pili. Akatoa fedha, akamwambia Mama Fagio kazi yake inaishia siku ya uzinduzi. Mama wa watu alikosa usingizi.

Jamaa akasimamisha ukuta wenye milango sita mizuri, kila mmoja na kibao chekundu: KUNA MTU. Nyuma yake, nyasi tupu. Mstaarabu hasukumi mlango wenye mtu. Watapanga foleni mpaka yeye awe mji mwingine. Na ili bustani ipendeze, akashauri vichaka vyote vifyekwe.

Siku ya uzinduzi foleni ilifika getini. Domo Asali, begi la fedha kwapani, aliona si adabu kuondoka bila kuonja sharubati ya bure. Akaonja glasi saba. Haja ikambana. Akatazama kulia, kushoto, hakuna hata kichaka. Akaenda kwa Mama Fagio, magoti yamegandana.

"Nifungulie, mama yangu."

"Si una vyoo sita, mwanangu?"

"Vina watu."

"Kule nyuma nafagia kila asubuhi. Sijamwona hata mmoja."

 Akaomba, akaapa, mwisho akalia kabisa. Mama akakubali, ila chumba ni kidogo, begi haliingii. Akalitupa bila kuliaga.

Mama akafunga kwa nje. Akaenda kung'oa kibao kimoja ukutani, akakitundika pale chooni. Kisha akapeleka begi jukwaani, mbele ya mgeni rasmi, akasukuma ule mlango uliobaki bila kibao, kila mtu akaziona nyasi. Mwenyekiti alitaka kukimbia, lakini naye alikuwa amebanwa.

Nyuma ya stoo mlango ulikuwa ukipigwa mateke kwa ndani. Watu wakasoma kibao, wakapanga foleni upya, kwa subira. Safari hii kweli kulikuwa na mtu.