Mawaridi Yaliyokataa Kunyauka

Kwako Mkuu wa Chumba cha Kufungashia Maua,

YAHUSU: FUNGU MOJA LA MAWARIDI YA RANGI YA CHAI YA MAZIWA, NA MADHARA YALIYOTOKANA NALO

Kwa heshima na tahadhari, nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya bima. Kazi yangu ni kufungua barua za malalamiko za watu wengine, kuzigonga muhuri na kuzipandisha kwa wakubwa. Ya kwangu mwenyewe sijapata kuiandika, lakini nimesoma za kutosha kujua kwamba mlalamikaji hueleza kwanza alinunua nini na kwa nia gani, ndipo aonyeshe alipoumia.

Nilinunua mawaridi yenu kwa muuza maua wa hapa kona. Nia yangu ilikuwa ndoa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha letu la ofisini, kuna chumba cha ushonaji. Fundi wake ni dada mmoja anayefanya kazi huku amebana pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake ni machache na yote yana ncha. Humo hushinda pia bibi yake, ambaye kazi yake ni kuchambua vifungo na watu. Nilimkabidhi fundi maua, nikamweleza kwa adabu kwamba naomba tuoane, nikasimama wima kama mtu anayesubiri sahihi. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akasema: "Kaka Karani, siwezi kuamua jambo kubwa hivi huku maua mazuri yananitazama. Yatanihonga. Acha yanyauke kwanza, nikuone wewe mwenyewe bila mapambo, ndipo nikujibu."

Niliona ni haki. Lakini fungu lenu lilikuwa na kadi, na mimi nimefundishwa kwamba kiambatisho husomwa. Nikaisoma yote kwa sauti: kwamba maua yalikatwa alfajiri yakiwa bado matumba, yakatiwa papo hapo kwenye maji baridi na kulazwa katika chumba cha ubaridi, kwamba vikonyo vikatwe mshazari kwa kitu kikali, majani yanayogusa maji yaondolewe, maji yabadilishwe mara kwa mara na unga wa kwenye kipakiti utiwe humo, kwamba yasikae juani, wala karibu na matunda mabivu, kwa kuwa pumzi ya tunda bivu huyazeesha maua. Nilikuwa nimekwisha kusoma ndipo nilipotambua ninachokifanya. Fundi alikuwa ameshachukua mkasi. Bibi alisema, "Mimi nimeolewa miaka yote ile, na sikuwahi kutunzwa hivyo."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwamba maua yenu hayanyauki. Kadi inataja wiki moja, na zaidi ya hapo siku chache za kubahatisha. Hivi sasa tumo katika mwezi wa pili tangu niyapeleke. Kila jioni navuka barabara, naliangalia jagi la kioo kwenye kona ya meza ya kukatia nguo, na kila jioni yananiangalia na yenyewe, yakiwa na afya kunishinda.

2. Kwamba maua yenu yanarudi utotoni. Ijumaa moja niliona kwa macho yangu ua lililofunguka hadi mwisho, petali zake zikianza kulegea, nikaenda nyumbani nikiimba. Jumatatu lilikuwa tumba. Sisemi kwamba mnatia dawa isiyoruhusiwa. Nauliza tu, kwa unyenyekevu, kama ni dawa ya kunywa au ya kupaka, maana mjomba wangu ana kipara.

3. Kwamba nimeishiwa nguo. Mtu hawezi kuingia kila jioni kwa fundi cherehani mikono mitupu na kutazama maua. Lazima awe na shida. Nilianza na suruali iliyochanika kweli, nikaenda na shati lililokosa kifungo, na baada ya hapo nguo zangu zote zikawa nzima. Ikabidi niwe nazifumua mwenyewe, nyumbani, kwa wembe, polepole nisiharibu kitambaa. Fundi aliigeuza suruali ya tatu mwangani, akasema, "Mshono huu haukuchanika. Huu umefumuliwa, tena na mtu mwangalifu." Nikasema labda ni panya. Bibi akauliza bila kuinua macho kwenye vifungo vyake, "Panya wako, mjukuu wangu, kasoma mpaka darasa la ngapi?"

4. Kwamba maelekezo yenu hayasaidii hata yakifuatwa kinyume. Kwa kuwa mliandika habari ya matunda mabivu, nilipeleka ndizi zilizoiva mpaka madoa, nikaziweka kando ya jagi kana kwamba nimezisahau. Bibi alizila. Nikapeleka papai. Bibi alilila, akaniombea dua ndefu yenye jina langu mara nyingi, na akamwambia fundi kwamba kijana anayejali tumbo la mkubwa si wa kuachwa barabarani. Nikasogeza jagi dirishani, kwenye jua la alasiri. Kesho yake nilikuta dirisha limeshonewa pazia, lenye pindo.

5. Kwamba sasa nimeingia kwenye mali ya watu. Nguo zangu zilipokwisha, nilitazama huku na huku ofisini, na jicho likatua kwenye koti la Bosi, ambalo hulitundika nyuma ya mlango na kulisahau hadi mvua inaponyesha. Nilifumua bitana tu, kile kitambaa cha ndani, Mheshimiwa, sehemu ya kwapani, mahali ambapo mtu mstaarabu hatazami. Mvua ilinyesha siku hiyo hiyo. Bosi aliingiza mkono kwenye koti na mkono ukapotelea humo. Aliutafuta kwa muda mbele ya wateja. Kisha akaniita: "Karani, wewe ndiye unayekaa karibu na mlango. Koti langu limeliwa na nini?" Nilijitolea kulipeleka kwa fundi. Bosi akasema wafanyakazi kama mimi siku hizi ni adimu, na ananifikiria kwa cheo. Tangu hapo silali vizuri. Nikipandishwa cheo nitahamia ghorofa ya juu, ambako dirisha linatazama ukuta.

6. Kwamba mnahatarisha jamii nzima, nanyi mkiwamo. Naomba ulifikirie hili kwa utulivu. Mume akimkosea mkewe humpelekea maua. Yakinyauka, kosa limesamehewa na maisha yanaendelea. Yasiponyauka, yatakaa mezani mwaka mzima yakimkumbusha kosa. Mgonjwa hupewa maua ili apone kabla hayajafa. Yakidumu namna hii ataona hana haraka, na kitanda hakitapatikana. Na nani atanunua fungu la pili, ikiwa la kwanza halina mwisho? Mtafunga shamba. Wakataji, wafungashaji na madereva watakaa nyumbani, wataidai bima, na barua zao zote zitapitia kwangu. Nitazigonga muhuri nikijua chanzo ni mimi na kile kipakiti.

Kwa sababu hizo, naomba moja kati ya haya mawili. Ama mnitumie mtaalamu, aje na miwani na koti jeupe, alitazame jagi na kutangaza mbele ya fundi na bibi kwamba maua haya kitaalamu yamekwisha kunyauka, hata kama hayaonekani hivyo. Ama mnitumie cheti chenye muhuri kinachosema hivyo hivyo. Fundi ni mtu wa vipimo, akiona karatasi ya mwenye vipimo ataheshimu. Mimi nataka jibu, Mheshimiwa. Hata likiwa baya. Nimejiandaa kabisa, nimeuambia moyo wangu usikie lolote, na umekubali.

Nisalimie wakataji wote wa alfajiri, dada na kaka wa chumba cha ubaridi (wavae vizuri), mwandishi wa kadi, ambaye ana mwandiko mzuri kuliko madhara yake, na mlinzi wa getini.

Wako mtiifu, anayengoja kwa hofu na heshima,

Karani wa Masjala, dawati la karibu na mlango

Nyongeza baada ya sahihi: Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii nilikuwa nakwenda kuiposti nikapita mbele ya chumba cha ushonaji kabla hakijafunguliwa, nikachungulia kwenye mwanya wa pazia. Yamenyauka. Yote yameinamisha vichwa, na petali zimetapakaa juu ya cherehani.

Ndilo jambo nililolililia wiki hizi zote. Ajabu ni kwamba miguu yangu ilinigeuza na kunikimbiza hadi kwa muuza maua, nikahema kwamba nataka fungu la rangi ile ile, upesi, kabla fundi hajafungua duka na kuona. Muuza maua akasema, "Pole kaka, limebaki moja na lina mwenyewe. Ni la huyo dada, mteja wangu wa kila Jumatatu."

Alikuwa fundi. Mkononi alishika ua moja lililonyauka, amelifunga kwenye kipande cha kitambaa, kama wanavyofanya mafundi wakienda kutafuta uzi wa rangi inayolingana.

Akasema, "Unatafuta nini hapa asubuhi yote hii?"

Nikasema, "Mawaridi. Yale yamenyauka."

Akalificha lile ua nyuma yake. "Nani kakwambia yamenyauka? Hayajanyauka."

"Nimeona dirishani."

"Hukuona vizuri. Na wewe hayo mapya ulitaka ya nini?"

Nikaanza kuisoma kadi ya fungu. Muuza maua akauliza kama tutagawana au tutapigana, maana ana wateja wengine. Tukalibeba fungu pamoja, yeye vikonyo, mimi kadi. Njiani akaniambia bibi anauliza leo nitaleta papai au ndizi, na kwamba koti la Bosi liko tayari, na nikitaka naweza kufumua na lile kwapa la pili.

Jibu sikumwomba, kwa kuwa kwa mujibu wake maua hayajanyauka.

Naomba basi malalamiko nambari moja hadi sita yafutwe. Mtaalamu asije, na cheti msikitume. Nilikuwa nataka kuwaomba mumpelekee muuza maua mafungu mawili ya rangi hiyo kila Jumatatu, kwa kuwa wateja sasa tuko wawili. Nimelifikiria upya. Moja linatosha. Tutakuwa tunakuja pamoja.