Klachi ya Kidole Kimoja

Jumatatu, 4 Machi
Mshonaji wa mtaa wa pili amekubali! Jumamosi nitampakia na sare zake hadi shuleni. Jirani, yule mwenye pikipiki mpya, naye alijitolea, akaambulia patupu. Jioni nimelegeza waya wa klachi. Sasa naivuta kwa kidole kimoja, vingine vinapumzika. Jirani hutumia vinne. Mshamba!

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Nimefika dukani kwa mshonaji, nikavuta klachi nisimame nimsalimie. Pikipiki haikuachia. Ningepiga breki ingezima mbele yake, aibu! Basi nikampita. Nikazunguka, nikampita tena, nikimpungia mkono kana kwamba ndiyo mipango. Jirani akauliza kama nimeajiriwa kulinda mtaa. Mwishowe nimeparamia kibao cha duka.

Jumatano, 6 Machi
Nimebadilisha oili, huenda ndiyo inayoisumbua klachi. Nimeweka nzito, ya lori. Balaa limezidi! Nikiweka gia asubuhi, inaruka kama mbuzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejisalimisha kwa Shangazi, fundi mkuu wa karakana, bingwa pia wa kujisifu. Mshonaji alikuwepo, kaleta ovaroli. Kudra gani hii!

Shangazi hakufungua hata nati. Alivuta klachi mara moja, akacheka mpaka akakaa. Akatangazia karakana nzima kwamba ndani kuna sahani zilizobanwa na springi. Zikibanana, nguvu ya injini inafika gurudumuni. Ukivuta waya zinaachana, gurudumu linapumzika. Ila waya wangu umelegea, nusu ya mvuto navuta hewa, sahani hazina hata habari. Na oili ile inazigandisha.

Oili ikamwagwa, ikawekwa yake. Mshonaji akaomba akaze skrubu yeye. Akaacha ulegevu kidogo tu kwenye mkono wa klachi, akasema ni unene wa kifungo cha koti. Gia ikaingia laini! Pikipiki ikatulia tuli. Nilitamani kupiga makofi, nikapiga. Mashine ya ajabu, na wanawake wale wawili ni wa ajabu zaidi. Shangazi akasema binti ana mikono, mimi nina kidole.

Mshonaji akasema safari ipo palepale, mradi klachi nisiiguse tena. Nimeapa mbele ya wote.

Ijumaa, 8 Machi
Klachi sijaigusa. Ahadi ni deni! Nimeifuta tu vumbi, nikaitazama kwa heshima.

Ila breki ya mbele nzito mno, haipendezi. Breki mshonaji hakuitaja. Nimeilegeza. Kidole kimoja!