Tanuri la Umma

Jumatatu, 10 Mei 1965
Shemeji yangu Kamaludin, karani wa serikali huko Kizingo, alipita baada ya alasiri na kijitabu mkononi. Mpango mpya wa uchumi. Akanieleza polepole, kama aelezwavyo mtoto wa chuo cha Kurani: serikali itashika yale makubwa, reli, bandari na mfano wake, na biashara nyingine wataendelea nayo watu wenyewe. Si huku kabisa, si kule kabisa. Nilimwambia nimefahamu. Hakuamini.
Alipoondoka nikajilaza barazani. Usingizi haukuwa usingizi hasa. Nikauona mtaa wetu umekuwa nchi, na ndani ya nchi ile kitu kimoja kikubwa kinatoa moshi. Tanuri la mke wangu! Serikali ni nani, basi? Nikatazama nyumbani mwangu. Mtu asiye na shughuli alikuwa mmoja tu.

Jumanne, 11 Mei
Nimemwarifu Mwanakuu. Tanuri ameachiwa na marehemu mamake, na mikate yake ya mofa, ile ibandikwayo ukutani mwa tanuri, ndiyo inayotulisha tangu nilipoacha kazi ya ghalani. (Wapo wasemao niliachishwa. Maneno ya watu.) Nikamwambia kuanzia leo tanuri ni la umma, ila mikate ni ya mwenye kuichoma, aiuze atakavyo. Akauliza umma ni nani. Nikasema ni mimi, kwa niaba.
Akaendelea kukanda unga. Nimehesabu kimya chake kuwa ni ridhaa. Nimeandika kwa chaki juu ya mlango wa uani: TANURI LA UMMA. Herufi zimepanda kidogo upande wa kulia, lakini kwa mbali hazionekani.

Alhamisi, 13 Mei
Mejumaa, mama wa nyumba ya pili, ambaye miaka yote amechoma mikate yake kwenye kikaango, ameingia uani na karai la unga. Nilimkaribisha kwa hotuba fupi. Mofa zake zina tui zito. Kufikia adhuhuri nusu ya wateja wa mke wangu walikuwa wamehamia kwake. Huo ndio ushindani. Nilimweleza Mwanakuu kwamba ushindani humnoa mtu. Akanijibu kuwa yeye si kisu.
Serikali hutwaa mikate miwili kwa kila mchomo. Leo serikali imeshiba.
Baada ya chakula nikalala chini ya kamba ya nguo. Leso zikipepea juu yangu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Nikajiona Nairobi, kwenye meza ndefu, wakubwa wakiniuliza fikra hii niliipataje. Nikawajibu kwa unyenyekevu kwamba niliipata kwa kulala. Wote wakaandika.

Jumamosi, 15 Mei
Siku nzito.
Kesho kuna harusi mtaa wa Kuze. Bibi harusi ni mpwa wa Mejumaa, na mikate wameagizwa wote wawili, yeye na Mwanakuu. Wote walitaka tanuri asubuhi. Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nikaunda kamati. Kamati, yaani mimi, ikaamua wachome kwa pamoja, moto uzidishwe maradufu.
Ngumbao, muuza kuni, alinionya kwa adabu. Alisema tanuri limechomwa siku tano bila kupumzishwa, lapaswa lipoe kwanza. Nikamjibu kwamba serikali haipokei amri kutoka sokoni. Akanipa kuni akaenda zake.
Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu avunjaye biskuti. Ufa ukashuka kutoka mdomoni mwa tanuri hadi chini. Mofa zikabanduka ukutani zikaangukia makaa, moja baada ya moja.
Nilingoja Mwanakuu anikaripie. Hakunikaripia. Moto ulipokufa akapitisha kiganja juu ya udongo, mahali penye alama za vidole.
“Mama aliliumba kwa mikono yake,” akasema. “Mimi nikimkorogea udongo. Haya, Baba Mahfudha, serikali yasemaje?”


Jumapili, 16 Mei
Mwanakuu na Mejumaa walikesha nyumbani kwa Mejumaa, kikaango kwa kikaango, zamu kwa zamu. Mikate ikafika harusini kamili. Wakati wote huo hakuna aliyekuja kuniuliza kitu.
Nilikwenda kula. Kamaludin akanikuta penye sinia, akasema mbele ya watu kwamba ukikitwaa kitu, jambo la kwanza ni kujua nani atakitengeneza kikiharibika. Nikasema ukurasa ule sikuonyeshwa. Watu wakacheka. Wali ulikuwa mzuri, lakini sikuuongeza.

Jumanne, 18 Mei
Ngumbao ameleta udongo kutoka bara. Wanawake wanajenga tanuri jipya, pana zaidi, nusu la Mwanakuu, nusu la Mejumaa, na siku za kupumzika wamezipanga kabisa. Mimi nimechota maji tangu asubuhi. Hakuna aliyeniamrisha. Niliona ndoo tu, nikaishika.
Walipofika mdomoni, Mwanakuu akaushika mkono wangu akaukandamiza kwenye udongo mbichi. Ulikuwa baridi, laini kama tumbo la samaki.
“Hapo ni pako,” akasema. “Pengine pote usiguse.”
Nimefuta chaki mlangoni mwenyewe.

Ijumaa, 28 Mei
Tanuri limekauka, moto umewashwa, mofa zatoka nzima. Mke wangu anazungumza nami tena, hata kwa mambo yasiyo ya ndoo. Alhamdulillahi. Nimejifunza mengi, na nimeazimia kutogusa tena kitu cha mtu.
Baada ya sala nilikaa barazani. Upepo wa kusi ukapanda kutoka baharini, ukaingia kichochoroni, ukayagusa mapazia moja moja. Nikafumba macho. Upepo huu ni wa nani? Si wa mtu. Wapita mtaa mzima bure, hauna msimamizi wala hata afisi. Basi upepo uwe wa umma, na madirisha yabaki ya wenyewe.
Nimekwisha kuzunguka mtaa mara moja. Kamaludin ana madirisha saba yanayotazama kusi. Nitaanza na yeye.