Ombi la Kurudishiwa Ugomvi wa Mbithi na Ndunge

Naftaly Mukhwana,
Fundi wa makochi,
Nyuma ya steji ya 56, Kawangware.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Ushauri wa Familia,
Kibera, upande wa Soko la Toi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUTIBIWA KWA MAJIRANI ZETU BILA SISI KUULIZWA

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ndiye yule fundi aliyewatengenezea viti sita vya chumba cha ushauri mwezi wa tatu. Niligonga misumari polepole ili Madam Rachael aendelee kufundisha wanafunzi wake, na nikasikia somo lote. Alisema shida haikai ndani ya mtu, inakaa kati ya watu. Kwamba ukimgusa mmoja nyumbani, wengine wote wanatikisika. Nilikubaliana naye kabisa, kwa sababu hata springi za kochi ziko hivyo. Na ndiyo maana ninalalamika.

Jirani yangu Mbithi anauza viatu vya mitumba Toi. Mkewe Ndunge ana saluni hapa 56. Kati ya nyumba yao na yetu kuna ukuta wa bati moja. Kwa miaka kumi na miwili wamegombana vizuri. Hakuna mkono uliowahi kuinuliwa, Mkurugenzi, ilikuwa ni mdomo tu. Tangu waanze kuja kwenu kila Alhamisi, wameacha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatukupewa notisi. Landilodi akitaka kukata maji hubandika karatasi getini. Nyinyi mmekata ugomvi uliokuwa ukitumiwa na nyumba mbili, na hakuna aliyebandika chochote.

2. Hatukuchorwa. Ndunge ameweka ukutani ile karatasi ya ukoo mliyowachorea, na mke wangu Sella aliiona alipoenda kuomba chumvi. Wanaume ni miraba, wanawake ni miduara. Mama yake Mbithi yuko, huko Kitui aliko, na mstari wa zigizaga unaomfikia Ndunge. Shangazi mmoja aliyekufa kabla simu za mkononi hazijaja naye ana mduara wake. Mimi niliyesikia kila neno, kwa miaka kumi na miwili, sina hata kona ya mraba.

3. Wameharibiwa lugha. Siku Mbithi alipolinganisha muthokoi wa Ndunge, yale mahindi ya kukobolewa, na ule wa mamake, Ndunge alimwambia, "Basi rudi Kitui akutafunie!" Mbithi akajibu, "Wewe! Mathe umuache kabisa!" Hapo msikilizaji anajua asimame wapi. Sasa wanaongea hivi: "Nikikusikia vizuri, unasema muthokoi ni ngumu." "Ndio, na nasikia kwamba umenisikia." Halafu wanacheka kwa sauti ya chini, kama watu wenye siri. Nauliza, jirani atashika upande gani hapo?

4. Mwiko umekosa kazi. Katika ploti yetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: maneno yakifika pabaya, jirani hugonga bati kwa mwiko mara mbili. Haulizwi ni nani. Wagomvi wananyamaza na siku inaisha. Mwiko wa upande wetu aliushika Sella, na ana sikio huyo mama. Hakuwahi kugonga mapema, hakuwahi kuchelewa. Mbithi alimkuta kwenye bomba asubuhi moja akamwambia, "Asante Mama Annet, jana ulitugongea mahali pazuri." Sasa mwiko huo unasonga ugali tu, kama mwiko wa mtu yeyote.

5. Hili sikutaka kuliandika. Binti yetu Annet alienda shule ya bweni, huu ni mwaka wa pili. Tukabaki wawili na bati. Ikifika saa moja jioni tulikuwa tunazima redio, tunakaa. Sella alikuwa wakili wa Mbithi, mimi wa Ndunge, na tulibishana kwa kunong'ona. Siku ile ya muthokoi Sella alimkimbia mteja wake. Aliniambia, "Ndunge ako sawa. Hakuna mwanamke anataka kupikia mtu anaonja sufuria ya mamake." Nikaangalia sahani yangu. Sijamtaja mama mezani tena. Mengi ya mke wangu nimeyajua hivyo, kwa kupitia nyumba ya pili.

Sasa ikifika saa moja, Sella anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mimi ninapanga misumari kwa urefu. Jumanne aliniambia, "Chumvi iko hapo." Jumatano hakuniambia kitu.

Kwa hivyo naomba mturudishie ugomvi. Si wote, Jumanne na Ijumaa zinatosha. Kama dawa imeingia sana haitoki, basi mtuletee wengine. Nilipopeleka stuli mtaa wa Raila, huko Kibera, nilisikia mume na mke wenye sauti safi, ambao kwa nusu saa hawakurudia tusi hata moja. Chumba namba saba cha ploti yetu kiko wazi, wahamishiwe. Wakikataa, aje Madam Rachael mwenyewe na mumewe. Mtu hasomei kazi kama hiyo bila kuwa na akiba ya ugomvi nyumbani. Na hilo likishindikana, wanafunzi wenu wafundishwe pia kugombanisha, kwa maana mimi nikifungua kochi la mtu lazima nijue kulirudisha lilivyokuwa.

Madam alisema kwa kinywa chake: kabla hujaondoa shida, uliza ni nani mwingine anayeitumia. Hamkuuliza.

Nisalimieni Madam Rachael, wanafunzi wake wote, askari wa getini na mama wa chai. Nakisalimu pia kile kiti cha kijani ambacho wanaume hukikalia ukingoni. Mguu wake ukilegea nitakuja bila kuitwa.

Ni mimi, kutoka katika kimya mlichotuachia,

Naftaly Mukhwana.

N.B. Nilimpa Sella barua hii aangalie makosa, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika kidato cha nne. Alianza kuisoma akiwa amesimama, akamaliza amekaa. Kisha akasema, "Ati nakunja nguo zimekunjwa! Ulitaka niongee na misumari?" Nikamwambia angeniuliza tu siku yangu imeendaje. Akasema, "Naftaly, mwaka wa pili huu nangoja wewe uniulize yangu." Nikapandisha sauti, yeye akapandisha zaidi. Akamtaja mama yangu. Nikamtaja kakake Eugene. Sikujua nina maneno mengi hivyo. Tulipofika pabaya, bati likagongwa kwa mwiko, mara mbili.

Tukanyamaza. Sella ndiye aliyeanza kucheka.

Asubuhi nimemshukuru Ndunge kwenye bomba, kwa sababu aligonga mahali pazuri. Ameniambia kwamba huko kwenu Alhamisi saa tisa huwa hamna mtu aliyeandikwa. Tafadhali, yote niliyoandika hapo juu yawekeni kando, mtuandike sisi wawili. Na mtakapotuchora, msiwasahau Mbithi na Ndunge.