Yah: Sengu Kunichagulia Mashine ya Kuchonga Vyuma

Ruanda, Mbinga
9 Aprili 1996

Kwako Baba Mdogo Othmar,
Mkuu wa sengu yetu.

Shikamoo. Najua jana jioni tulinawa kwenye beseni moja, lakini pale kwenye sengu, wanaume wote wa ukoo wakila na kushauriana, kila nikifungua mdomo napewa tonge. Ndiyo maana naandika.

1. Mashine yangu imejadiliwa jioni tisa. Posa ya binti yako Aurelia ilijadiliwa jioni mbili, tena na mahari ndani yake.

2. Mzee Ildefonsi anataka kwanza ajue mashine imezaliwa wapi, kama anayenunua ndama. Elias anataka ya kijani, kwa kuwa ile ya misheni ilikuwa ya kijani na haikuharibika. Wewe, Baba Mdogo, umeamua iwe kubwa, ili ukoo usichekwe kwa kununua kitu kinacholingana na cherehani. Mimi niliyesomea ufundi miaka mitatu nimesema ndogo inatosha: itachonga meno ya mashine za kumenya kahawa, injini yangu ya dizeli inaiweza, na itaenea kwenye chumba changu cha kazi, ambamo mama mkwe hulala akija. Nikaambiwa nisogeze bakuli la dagaa usipa.

3. Nazari amepewa neno la mwisho kwa sababu amefika Dar es Salaam. Alikwenda kung'oa jino.

4. Tangu biashara ya kahawa iachiwe watu binafsi, kila mwenye shamba anataka mashine yake ya kumenya, na zikikatika meno wanakuja kwangu. Gurudumu moja la meno nalichonga kwa tupa wiki nzima. Mavuno ni mwezi ujao. Wateja wakinichoka watakwenda Songea, na hawatarudi. Hili linaniuma kweli, Baba Mdogo.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Naomba sengu itamke kwamba chuma si jambo la ukoo. Nikikubaliwa, nitaomba vilevile kuhusu baiskeli, jembe na suruali zangu. Hadi hapo nakula kwangu, mlango umefungwa, na kesho kutwa nakwenda Songea kuchagua peke yangu.

Nisalimie Mama Mdogo Vitalia, Elias, Mzee Ildefonsi na wajukuu wote. Nazari pia, kwa kifupi.

Mwanao mwenye heshima zote na hasira kidogo,
Edmund

Baada ya sahihi, Alhamisi: Barua ilikuwa bado mfukoni nilipokwenda Songea. Mashine zilikuwa mbili, nami sikuwa na hata mtu mmoja wa kumuuliza. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaanza kufunga. Nimechukua kubwa. Lori limeishusha barabarani, mvua inakuja, na inataka wanaume wanane. Nimepita nyumba zote, wanaume wako kwako, kwenye sengu. Wamalize kwanza kula. Barua anakuletea mke wangu Hedwiga pamoja na chakula changu, maana siku zote hizi tatu amekuwa akikipeleka huko huko kwenye sengu.