Asilimia Thelathini ya Shamba la Baba

Dundori, Nakuru
12 Agosti 2025

Kwa Mzee Thuo,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia.

Baba Mdogo mpendwa,

KUH: KUTENGWA KWA SHAMBA LANGU KWA MANUFAA YA DUNIA

Natumaini mguu wako umepata nafuu tangu tulipoonana kanisani. Mimi ni mzima, ila sijapanda viazi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu kabla ya kikao cha Jumamosi, mpimaji atakapokuja kuweka vigingi.

Kama unavyojua, mwezi wa tatu kaka yangu Muiruri alihudhuria semina ya siku tatu katika hoteli moja kule Naivasha. Alirudi na kofia, mkoba wa kijani, na habari kwamba mataifa yamekubaliana kuhifadhi asilimia thelathini ya dunia kufikia mwaka 2030, ili mimea na wanyama wasitoweke. Nilifurahi kwa ajili ya dunia. Kesho yake alipigilia kibao kwenye lango langu: ENEO LA HIFADHI. USIINGIE. Nilikuwa ndani.

Siyapingi mataifa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Marehemu baba aliacha ekari kumi: tatu na nusu za Muiruri, tatu na nusu za Njuguna, na tatu zangu, kwa kuwa nilikuwa nimeachana na mume na kurudi nyumbani. Asilimia thelathini ya kumi ni tatu. Nimerudia hesabu hiyo katika shajara yangu na ni sahihi. Sina ugomvi na hesabu. Njuguna aliuliza kwa nini kila mmoja wetu asitoe kipande. Muiruri akamjibu, "Wewe Njuguna, makao ya wanyama hayakatwi kama keki ya harusi." Njuguna, ambaye shamba lake lilikuwa limepona, alisema hoja hiyo ina uzito.

2. Karatasi za semina (nilipewa za kufungia mayai) zinasema wenyeji washauriwe kwanza. Muiruri anasema nilishauriwa: alipita jikoni kwangu akasema, "Wachuka, usilime tena," nami sikupinga. Ni kweli sikupinga. Nilikuwa na kiazi cha moto mdomoni.

3. Sukuma wiki yangu imetangazwa kuwa mmea vamizi. Mikaratusi yake, anayoiuza iwe nguzo za stima, ni msitu. Ng'ombe wake hushinda ndani ya hifadhi, na nilipouliza niliambiwa wanapunguza nyasi kwa njia ya asili. Mbuzi wangu mmoja ni uharibifu wa mazingira.

4. Mwezi wa sita wafadhili walikuja kutazama wanyama. Hakukuwa na mnyama. Bondeni penye matete kuna korongo wawili tu wenye taji, wanaotembea huku na huko kama wazee wa kanisa waliokosa kazi, na sidhani kama dunia inawategemea. Basi wageni wakanipiga picha mimi, nikiwa nimeinama nikiokota kuni. Picha hiyo imo kwenye kalenda iliyo sebuleni kwa Muiruri. Mimi ndiye mwezi wa Agosti. Julai ni kifaru.

5. Kwa kuwa nimo kwenye kalenda, naomba kikao kinitambue rasmi kuwa kiumbe wa hifadhi na kinipe haki zangu. Kiumbe wa hifadhi haondolewi katika makao yake. Wakati wa ukame hupelekewa maji. Akiumia, daktari hutumwa kwa gari. Mimi nilipojikata na jembe, Muiruri alisema nipake majivu. Zaidi ya hayo, njia za wanyama haziruhusiwi kuzibwa. Njia yangu ya kwenda barabarani, tangu nikiwa mtoto, ilipita mahali palipo sebule ya Muiruri sasa. Sidai nyumba yote ibomolewe. Kuta mbili zitatosha, nami nitapita kimya asubuhi na jioni, pamoja na mbuzi.

6. Kikao kikiona ombi la tano ni zito, basi tusiibanie dunia. Karatasi zinasema angalau asilimia thelathini. Tuhifadhi ekari zote kumi, na familia yetu itakuwa imeyapita mataifa yote. Sisi watu tutahamia kwako, Baba Mdogo. Muiruri na watoto wake watatosha sebuleni, Njuguna ghalani, na mimi nitachukua chumba cha Sue kwa kuwa yuko chuoni. Viazi vyako nimeviona kutoka barabarani. Vinatosha.

Naandika kwa heshima. Baba alinionyesha shamba hilo mbele yako, na wewe ndiye uliyesema, "Mtoto huyu asije akaguswa hapa." Nakukumbusha tu.

Msalimie Mama Sue, na Sue akipiga simu, na jirani yako Oduor, na kwaya yote ya wazee. Muiruri usimsalimie, tunaonana kila siku.

Wako katika familia na katika hifadhi,
Wachuka

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua Muiruri alipokuja na kuking'oa kibao. Wafadhili hawakurudi. Amesema nimeshinda, na kwamba kesho ataleta trekta mwenyewe anilimie ekari zote tatu. Nilimshukuru sana. Kisha nikamwambia trekta isifike bondeni, maana wale korongo wanaatamia mayai mawili na hawapendi kelele. Wala isipite huku juu, kwa sababu ndiko wanakookota wadudu. Upande wa lango ndiko wanakotua. Akaniuliza, "Sasa Wachuka, nilime wapi?" Nimefikiri tangu saa hiyo na sioni mahali. Kwa hivyo, mpimaji akija, aandike tu jina langu kwenye zile ekari tatu, tena apime bila kupiga kelele. Kuhusu viazi, ombi la sita libaki kama lilivyo. Kibao nimemnyang'anya Muiruri na kukirudisha langoni mwenyewe. Awasomee ng'ombe wake.